Kiwanda cha sukari huleta ajira ngapi? Hesabu ya kuanzia shambani hadi forodhani

Kila mradi wa sukari unapozinduliwa hutangazwa pamoja na idadi ya ajira: elfu tano, elfu kumi, wakati mwingine elfu ishirini. Idadi hiyo hutumika kuombea ardhi, mkopo wa benki na ushuru wa kuzuia sukari ya nje, lakini ni nadra mtu kuuliza imepatikanaje. Ndani yake huwekwa pamoja fundi wa boila aliyeajiriwa mwaka mzima, mkata miwa wa miezi saba, dereva wa lori, mkulima aliyekuwa akilima mahindi kwenye shamba lilelile, na muuza chakula aliye nje ya lango. Wote wanastahili kuhesabiwa, ila si kwa kipimo kimoja.

Msimamo wetu ni huu. Ushuru wa forodha unaweza kupandisha bei ya sukari ya ndani, lakini bei hiyo hugeuka kuwa ajira na kipato pale tu kiwanda kinapopata miwa iliyokomaa, ikafika ingali mibichi, kwa siku za kutosha katika mwaka, na mkulima akalipwa kwa wakati. Mambo hayo manne huamuliwa shambani, barabarani na kwenye mzani. Anayetaka kujua tasnia ya utamu ya nchi yoyote ina thamani gani aanzie huko.

Tani moja ya miwa

Katika tani moja ya miwa iliyopimwa langoni, karibu kilo 700 ni maji, kilo 120 hadi 150 ni nyuzinyuzi, na sukari ni kati ya kilo 100 na 150 kutegemea aina ya mbegu, umri wa miwa na hali ya hewa. Kiwanda kinachoendeshwa vizuri huokoa kama asilimia 85 ya sukari hiyo. Inayobaki hupotea kwa njia nne. Nyingine hutoka na makapi, yaani nyuzi za mua zilizokwisha kukamuliwa, kwa sababu vinu havikubana vya kutosha au maji ya kusuuzia yalikuwa machache. Nyingine hunasa kwenye matope ya chujio. Sehemu kubwa zaidi huishia kwenye molasi, uji mweusi mtamu unaobaki baada ya sukari kuganda. Na nyingine huharibiwa na joto au bakteria bila kuonekana kwenye kipimo chochote. Mwishowe tani ile hutoa kilo 100 hadi 115 za sukari, kilo 250 hadi 300 za makapi ambayo nusu ya uzito wake ni maji, kilo 30 hadi 40 za molasi na kama kilo 30 za matope.

Sasa tuchukue kiwanda cha wastani kinachosaga tani 3,000 kwa siku. Kikisaga siku 240 kwa mwaka kitahitaji tani 720,000 za miwa. Kwa mavuno ya tani 75 kwa hekta, hizo ni hekta 9,600 zinazokatwa kila mwaka. Kikipata asilimia 10.5 ya sukari, kitatoa tani 75,600.

Watu wanaohitajika wanatokana na tani hizo. Mkataji mmoja wa miwa iliyochomwa hukata tani 4 hadi 6 kwa siku. Miwa isiyochomwa, yenye majani yanayokwaruza na kuficha nyoka, humshusha hadi karibu nusu ya hapo. Kwa wastani wa tani 5 wanahitajika wakataji 600 shambani kila siku, na kwa kuwa kiwanda hakisimami ilhali mtu lazima apumzike siku moja kwa wiki, orodha ya malipo inakuwa na watu 700. Usafirishaji wa tani 3,000 kwa lori za tani 20 ni safari 150 kwa siku. Lori likienda mara tatu zinahitajika lori 50, kila moja ikiwa na madereva wa kupokezana na utingo wake. Kiwandani kuna zamu tatu: wa mzani, wa vinu, wa boila, wa kuchemsha, wa maabara, mafundi umeme na wachomeleaji. Jumla yao ni mia kadhaa tu. Shambani kuna kupanda, kupalilia, kuweka mbolea, kumwagilia na kulinda moto.

Wakataji 700 wanaofanya kazi miezi 8 si ajira 700. Zidisha kwa 8, gawanya kwa 12: ni sawa na ajira 467 za mwaka mzima. Hesabu hii hupunguza idadi inayopendeza kwenye mabango, lakini bila hiyo huwezi kulinganisha sukari na pamba, chai au kiwanda cha nguo. Inayofuata ni ngumu zaidi: shamba lililogeuzwa kuwa la miwa lilikuwa na kazi gani kabla? Kama lilikuwa pori, ajira zote ni mpya. Kama palikuwa na mpunga unaoajiri wapandaji na wavunaji mara mbili kwa mwaka, ongezeko la kweli ni tofauti kati ya kazi za zamani na za sasa, na pengine ni dogo.

Halafu kuna kizidishi. Wachumi huchukua ajira za kiwandani na shambani, wakaongeza za wauza mbolea, vipuri na mafuta, kisha za maduka yanayopokea mishahara ya wote hao. Mbinu hiyo ni halali, ila ina dhana mbili zinazosahaulika: kwamba fedha zinazotumika zinabaki nchini, na kwamba watu hao wasingekuwa na kazi nyingine. Kiwanda kinachoagiza vinu, mbolea na lori kutoka nje hupeleka sehemu kubwa ya matumizi yake nje pia. Ukiona kizidishi cha tatu au nne, uliza vipuri vinatoka wapi.

Siku za kusaga ndizo zinazolipa mishahara

Rudi kwenye kiwanda chetu, upunguze siku za kusaga kutoka 240 hadi 150 kwa sababu miwa imeadimika. Sukari inashuka hadi tani 47,250. Riba ya mkopo haishuki, mishahara ya waajiriwa wa kudumu haishuki, bima haishuki. Wakataji wanalipwa miezi mitano badala ya minane. Gharama ya kila tani ya sukari inapanda, na kiwanda kinaenda serikalini kudai kwamba sukari ya nje inakiua. Sukari ya nje huenda ni ya bei nafuu kweli, lakini ugonjwa ulianza ndani.

Upungufu huo una mzunguko wake unaojulikana. Viwanda vinapokuwa vingi kuliko miwa, vinaanza kugombea miwa ya wakulima waliofadhiliwa na kiwanda kingine. Mkulima mwenye shida ya ada ya shule anauza miwa ya miezi 9 au 10 ambayo ilipaswa kukaa hadi 14 au 16. Miwa michanga ina uzito mdogo, ina sukari kidogo, na ina glukosi na fruktosi nyingi ambazo huzuia sukari kuganda, hivyo kuisukuma kwenye molasi. Kiwanda kikishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 8.5, kwenye tani zilezile 720,000 kinapoteza tani 14,400 za sukari. Na shamba lililokatwa mapema haliwezi kukatwa tena msimu unaofuata, kwa hiyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

Kenya iliupitia mzunguko huu hadharani. Mwaka 2023 mamlaka husika ilisimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ikomae. Uzalishaji wa mwaka huo ulianguka vibaya, kisha mwaka 2024 ukapanda kupita tani 800,000. Miezi ile ya kusimama iliwaumiza wakataji na madereva kuliko mtu mwingine yeyote, maana hawakuwa na mshahara wa kudumu. Hata hivyo ilionyesha kwamba dawa ya upungufu ilikuwa umri wa miwa, si mashine mpya. India ilichukua njia ya kuzuia tatizo mapema: sheria yake ya kudhibiti miwa inataka kiwanda kipya kiwe umbali wa angalau kilomita 15 kutoka kilichopo. Utaratibu huo una kasoro, kwani unaweza kumfunga mkulima kwa mnunuzi mmoja, lakini unatambua kwamba kiwanda kisicho na eneo lake la miwa hakina uhai.

Viwanda vipya huanza na njaa kwa sababu nyingine, ya kibayolojia. Mbegu ya miwa ni vipande vya mua, tani 8 hadi 10 kwa hekta, na hekta moja ya kitalu hutosha kupanda kama hekta 8. Ukianza na hekta 20 za mbegu safi, mzunguko wa kwanza unakupa hekta 160, wa pili 1,280, wa tatu 10,240. Kila mzunguko huchukua miezi 8 hadi 10. Hiyo ni miaka miwili au zaidi, na bado miwa ya kusaga inahitaji mwaka mmoja au zaidi kukomaa. Mwekezaji anayeagiza mitambo kwanza na kufikiria kitalu baadaye hulipa riba juu ya chuma kinachosubiri. Kwa upande wa ajira maana yake ni kwamba kazi za kwanza za mradi wa kweli ni za kitalu, upandaji na mifereji. Ukiona majengo yanapanda na vitalu havipo, usitegemee wakataji mia saba mwaka wa tatu.

Saa baada ya panga

Mua ukikatwa, unaanza kuharibika. Vimeng'enya vya mua wenyewe hugawa sukari kuwa glukosi na fruktosi, na bakteria waitwao Leuconostoc huingia kwenye kidonda cha panga na kutengeneza utelezi uitwao dekstrani. Utelezi huo ni adui mkubwa kiwandani. Hufanya maji ya miwa yawe mazito, huziba vichujio, hupunguza kasi ya kuchemsha na hurefusha chembe za sukari hadi zikashindwa kutenganishwa vizuri na molasi kwenye mashine za kuzungusha. Miwa mizima inapaswa kusagwa ndani ya saa 24 tangu kukatwa, na isizidi 48. Iliyochomwa huharibika upesi zaidi kwa sababu moto hupasua ganda. Iliyokatwa vipande na mashine ina vidonda vingi zaidi, na muda wake ni saa 12 hadi 16 tu.

Barabara mbovu, kwa hiyo, ni hasara ya sukari. Lori likikwama siku mbili kwenye tope, uzito umepungua, dekstrani imeongezeka, na mkulima analipwa kwa uzito uliobaki ingawa kosa si lake. Kiwanda kinachojali huandika saa ya kuchoma kwenye hati ya kila shamba na hakiruhusu kuchomwa zaidi ya kile kinachoweza kukatwa na kubebwa siku hiyo. Moto wa wizi au wa bahati mbaya huvuruga ratiba yote, maana miwa iliyoungua hupewa kipaumbele na ya wengine husubiri. Katika maeneo mengi hapo ndipo ugomvi wa wakulima na ofisi ya mavuno huanzia.

Mzani na fomula ya malipo

Mkulima anayeuza kwa uzito tu hana sababu ya kungoja miwa ikomae wala kuondoa vilele na majani, ambavyo ni uzito usio na sukari. Anayelipwa kwa sukari iliyomo ana sababu zote mbili. Katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, baraza la wakulima na wenye viwanda liitwalo CONSECANA huweka bei kwa kilo ya sukari inayoweza kupatikana kwenye miwa, na bei hiyo hufuata soko la sukari na la ethanoli, pombe inayotumika kama mafuta ya magari. India huweka bei ya haki ambayo kiwanda hakiruhusiwi kulipa chini yake, inayofungwa kwenye kiwango cha sukari, na katika misimu ya karibuni msingi wake umekuwa asilimia 10.25.

Fomula nzuri huharibiwa na upimaji mbaya. Utaratibu unaofaa huenda hivi: lori linapimwa likiwa na mzigo; bomba la sampuli linatoboa mzigo kwenye sehemu isiyochaguliwa na dereva; sampuli inakatwakatwa na kukamuliwa; maabara inapima sukari, nyuzinyuzi na takataka; lori linashusha, kisha linapimwa tena likiwa tupu; hati inatolewa papo hapo ikiwa na namba ya shamba, uzito wa kwanza, wa pili, makato na saa. Makosa ya kawaida yako wazi kwa anayeyatafuta. Uzito wa lori tupu huchukuliwa mara moja kwa msimu badala ya kila safari, ingawa tope, mafuta na matengenezo huubadilisha. Miwa ya wakulima watatu hupakiwa kwenye lori moja na sukari yao kuchukuliwa kuwa sawa. Makato ya takataka huwekwa kwa kukadiria kwa macho. Mzani haukaguliwi na wakala wa vipimo, au hukaguliwa kwa mawe ya kilo 500 ilhali lori hubeba tani 20.

Tufanye hesabu ndogo. Mkulima wa hekta 2 anavuna tani 150. Kosa la asilimia 3 kwenye mzani ni tani 4.5. Kosa la nusu nukta ya sukari, yaani asilimia 11 kuandikwa 10.5, linamnyang'anya kilo 750 za sukari. Chama cha wakulima kinachoajiri mwakilishi mmoja mwenye elimu ya maabara, akakaa kwenye chumba cha sampuli kila zamu, hurudisha mshahara wake mara nyingi.

Jambo jingine ni muda wa kulipa. Sheria ya India inadai malipo ndani ya siku 14, na baada ya hapo riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na bado malimbikizo ya madeni kwa wakulima yamekuwa tatizo la kila mara huko. Serikali ya nchi hiyo inakadiria kuwa tasnia inagusa maisha ya wakulima wa miwa wapatao milioni 50 na wafanyakazi wa viwandani wapatao laki 5. Uwiano huo unaonyesha uzito ulipo: kwa kila aliye ndani ya lango, kuna mia moja nje wanaosubiri hundi. Mkulima anayelipwa baada ya miezi minane hanunui mbolea, hapalilii kwa wakati, na anauza miwa ijayo ikiwa michanga. Njaa ya kiwanda huanza na deni lake chenyewe.

Makapi, molasi na umeme

Kiwanda kinachouza sukari peke yake kimefungwa kwenye bei moja. Kwa tani zetu 720,000, makapi ni kama tani 200,000. Boila za zamani za mvuke wa shinikizo la chini zilitengenezwa ili kuyamaliza makapi, kwa hiyo huyachoma kwa uzembe wa makusudi na kubakiza umeme kidogo sana wa kuuza. Boila za shinikizo la juu, za bar 65 hadi 82, zikiunganishwa na mitambo inayookoa mvuke, zinaweza kuuza saa-kilowati 80 au zaidi kwa kila tani ya miwa. Hapo ni zaidi ya saa-kilowati milioni 57 kwa mwaka. Mauritius ilifuata njia hiyo kwa uthabiti: ikaunganisha viwanda hadi vikabaki vitatu, ikaelekeza makapi kwenye mitambo mikubwa ya umeme, na mwaka 2001 ikatoa mpango wa kustaafu kwa hiari uliowapa wafanyakazi fedha pamoja na kipande cha ardhi. Ajira zilipungua, lakini sekta haikufa pale Ulaya ilipopunguza bei ya upendeleo iliyokuwa ikiilipa.

Molasi nayo, kama tani 27,000 kwa kiwanda chetu, hutoa lita milioni 6.5 hivi za ethanoli zikichachushwa vizuri. Brazili ilianza programu yake ya ethanoli mwaka 1975, na tangu 2003 magari yanayokubali mchanganyiko wowote wa petroli na ethanoli yameviwezesha viwanda kuhama kati ya sukari na mafuta kulingana na bei. Yote haya hayaleti ajira nyingi za moja kwa moja, kwani mtambo wa ethanoli huendeshwa na watu wachache. Faida yake ni kuzilinda zilizopo mwaka ambao bei ya sukari imeanguka. Wala si kinga kamili: kiwanda cha Mumias, kilichowahi kuwa kikubwa kuliko vyote Kenya, kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, mwaka 2019 kikiwa na mtambo wa umeme na wa ethanoli. Bila miwa hakuna makapi wala molasi.

Ushuru unamlinda nani

Marekani inafaa kutazamwa kwa makini kwa sababu imelinda sukari yake kwa miongo mingi, ikitumia mikopo ya kushikilia bei, mgao wa mauzo kwa viwanda vya ndani na viwango vya kuagiza kutoka nje. Ina miwa kusini na viazisukari kaskazini na magharibi. Bei yake ya ndani mara nyingi imekuwa juu sana ya bei ya dunia. Mwaka 2006 wizara yake ya biashara ilitoa ripoti iliyosema kwamba kwa kila ajira moja ya kilimo na uvunaji wa sukari iliyookolewa na bei kubwa, karibu ajira tatu zilipotea kwenye viwanda vya peremende na vyakula vitamu. Wenye sukari wanaipinga hesabu hiyo, wakitaja mishahara na kodi kuwa sababu nyingine za viwanda vya peremende kuhama. Pamoja na hayo, swali lake linafaa kuulizwa kila mahali: mtengeneza biskuti, soda na maandazi anaajiri wangapi, na ananunua sukari kwa bei gani?

Kuna tokeo lingine ambalo walinzi wa miwa hawakulitarajia. Bei kubwa ya sukari ilimfungulia mlango mshindani wa ndani, yaani shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Mahindi hulowekwa, hutenganishwa kiini, ganda, protini na wanga. Wanga hugawanywa kwa vimeng'enya kuwa glukosi, kisha glukosi hupitishwa kwenye nguzo zenye kimeng'enya kinachogeuza sehemu yake kuwa fruktosi, hadi asilimia 42. Kwa vinywaji huongezwa iliyokolezwa zaidi hadi kufikia 55, ambayo utamu wake unakaribia wa sukari. Kilo 100 za mahindi hutoa zaidi ya kilo 60 za wanga, na mabaki ni mafuta na chakula cha mifugo. Kufikia mwaka 1984 kampuni kubwa mbili za soda za Marekani zilikuwa zimeruhusu shira hiyo ichukue nafasi yote ya sukari katika vinywaji vyao vikuu. Kiwanda cha aina hiyo hufanya kazi mwaka mzima kwa mahindi ya ghalani, hakina msimu, na huajiri watu wachache wenye ujuzi. Ajira za mkata miwa na za mwendesha mitambo ya wanga zikijumlishwa kwa jina moja la tasnia ya utamu, tofauti hiyo hupotea.

Ulinzi usio na tarehe ya mwisho humwondolea mwenye kiwanda haraka ya kurekebisha vinu vinavyovuja. Kuuondoa ghafla nako huua. Umoja wa Ulaya ulipofanya mageuzi ya mwaka 2006, Ireland iliacha kabisa kutengeneza sukari mwaka huohuo. Mfumo wa mgawo wenyewe, ulioipangia kila nchi ya Umoja huo kiasi cha sukari ya kutengeneza, ulikoma tarehe 30 Septemba 2017. Ulinzi unaofaa, kwa maoni yetu, ni ule ulioandikwa pamoja na masharti yanayopimika: asilimia ya sukari inayopatikana, siku za kusaga, na siku za kumlipa mkulima, vikichapishwa kila mwezi kwa kila kiwanda.

Mashine na mwili wa mkataji

Mashine moja ya kuvuna inaweza kukata tani 400 au zaidi kwa siku. Kwa kipimo cha tani 5 kwa mtu, hiyo ni kazi ya wakataji 80. Huko São Paulo, sheria ya mwaka 2002 na makubaliano ya mwaka 2007 ya kuacha kuchoma miwa yaliharakisha mashine hizo, na sasa karibu miwa yote ya eneo hilo huvunwa hivyo. Mashine hudai mistari iliyonyooka, ardhi isiyo na mawe wala mwinuko mkali, na shamba refu. Vishamba vya hekta moja vilivyotawanyika haziviwezi bila wakulima kuunganisha mashamba yao. Huleta madereva, mafundi wa haidroliki na wasimamizi wa ratiba, lakini hao ni sehemu ndogo ya walioondoka.

Hata hivyo kazi inayookolewa nayo itazamwe ilivyo. Kukata miwa kwa panga juani ukilipwa kwa tani ni miongoni mwa kazi zinazochosha mwili kuliko zote. Amerika ya Kati, hasa El Salvador na Nikaragua, wakataji wengi, tena vijana wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wamepata ugonjwa wa figo unaohusishwa na joto na kazi nzito. Hatua zinazosaidia ni za gharama ndogo: maji ya kunywa yaliyo karibu na mstari wa kukata, kivuli kinachohama na kundi, mapumziko yaliyopangwa kwa saa, na kuanza alfajiri. Tatizo ni kwamba malipo ya tani humwadhibu anayepumzika. Pasipo kiwango cha chini cha ujira kwa siku, hema la kivuli litabaki tupu. Takwimu ya ajira isiyoeleza mkataji anastaafu na figo gani haijakamilika.

Kiwanda kinapofungwa

Trinidad ilifunga kampuni yake ya serikali ya Caroni mwaka 2003, ikiwaachisha kazi watu wapatao 9,000. St. Kitts ilimaliza karne kadhaa za sukari mwaka 2005. Hawaii ilisaga miwa yake ya mwisho mwaka 2016. Kusini mwa Texas, kiwanda pekee cha jimbo hilo kilitangaza kufungwa mwaka 2024 kwa sababu maji ya umwagiliaji hayakutosha kulima miwa ya kukifikisha kwenye tani za chini za kukiendesha. Mkulima mwenye maji hakunusurika, kwa kuwa miwa haisafirishwi mbali: zaidi ya makumi ya kilomita, nauli hula thamani yake yote.

Kwa mkulima, madhara huja kwa hatua. Mashina yaliyobaki ardhini ni mtaji wa misimu minne au mitano uliokwisha lipiwa, na kuyang'oa ili kupanda zao jingine kunahitaji trekta zito. Kabla ya hapo kuna deni. Kiwanda kinapokabidhiwa kwa mrasimu, benki yenye dhamana ya mitambo na ardhi hutangulia kwenye foleni, na aliyepeleka miwa bila dhamana hukaa nyuma, mara nyingi akaambulia sehemu ndogo au hakuna. Ndiyo maana kifungu cha kupigania kwenye mkataba, tangu siku ya kwanza na wakati kiwanda kingali na afya, ni kile kinachotaka fedha za kila mauzo ya sukari ziingie kwanza kwenye akaunti ya pamoja chini ya mdhamini. Fungu la mkulima litolewe humo kabla ya fedha kufika kwa mwenye kiwanda au kwa mkopeshaji wake, na benki isaini kifungu hicho inapotoa mkopo.